Maswali ya Wasomaji: Kuhakiki Kiendeshi cha Pini Zilizo Nyuma ya Maikrokontrola

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam alaikum. Ninafanya kazi katika karakana ndogo ya elektroniki hapa Ngamiani, Tanga. Tunatengeneza bodi ya kuendesha pampu za maji kwa ajili ya viwanda vya mkonge, kwa kuwa korona (mashine ya kuchakata mkonge) haichakati majani bila maji mengi. Bodi hiyo ina kompyuta ndogo ya Linux, na kando yake ipo maikrokontrola (chipu ndogo yenye programu yake) iliyounganishwa nayo kwa I2C, njia ya waya mbili ya kupitishia data kati ya chipu. Maikrokontrola ndiyo inayoshika pini 16: nane za kuwasha rilei na taa za ishara, na nane za kusoma swichi za boya kwenye matangi. Mwenzangu ameandika kiendeshi cha keneli, yaani cha kiini cha Linux, ili pini hizo zionekane kama pini nyingine zozote za GPIO (pini za kuingiza au kutoa ishara), nami nimeombwa nikihakiki kabla hakijapelekwa kwa wasimamizi wa keneli. Mezani kinafanya kazi vizuri, kwani gpioset inawasha rilei na gpioget inasoma boya. Hata hivyo mambo mawili yananitatiza. Kwanza, gpioinfo inaonyesha pini za rilei kuwa ni za kuingiza na za boya kuwa ni za kutoa. Pili, tulipoifanya taa moja ya ishara iwakewake kwa mtindo wa heartbeat (mapigo ya moyo), keneli ilianza kuandika «BUG: scheduling while atomic». Nimeupitisha msimbo kwenye checkpatch na haukukutwa na dosari. Nimeambatanisha nakala ya msimbo pamoja na waraka wa itifaki yetu. Nianzie wapi? — *Msomaji wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Ndugu yangu, wa alaikum salaam. Hiyo checkpatch hukagua umbo la maandishi, yaani nafasi, urefu wa mistari na desturi za uandishi wa keneli. Haijui kwamba kati ya msimbo na pini kuna waya, wala haijui kwamba mwisho wa waya huo kuna pampu. Iendeshe, tena kwa chaguo la --strict, lakini usiichukue kuwa ni uhakiki.

Ningekushauri uanzie nje ya msimbo. Chukua waraka wa itifaki ya maikrokontrola yenu, ule unaoeleza amri zake na majibu yake, uusome wote, kisha kila ufikapo kwenye fanksheni ya kiendeshi ujiulize: hali halisi ya pini hii inakaa wapi, na kiendeshi kitajuaje kwamba kimeshindwa kuifikia? Pini zilizo ndani ya chipu kuu ya kompyuta huandikwa moja kwa moja kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya chipu), na kitendo hicho hakichukui muda wa kuhesabika wala hakina namna ya kukataliwa. Pini iliyo nyuma ya maikrokontrola ni sawa na kumtuma mtu Pangani akakuangalizie jambo: atachelewa, huenda asifike, na huenda akarudi na habari ambayo imeshapitwa na wakati. Kosa ambalo wahakiki hulikuta mara nyingi katika viendeshi vya aina hii ni mwandishi kuandika kana kwamba pini ziko ndani ya chipu.

Muda wenyewe unaweza kuukadiria. I2C ikienda kwa kilohezi 100, kila baiti hutumia mipigo tisa, minane ya data na mmoja wa kukiri. Kusoma baiti mbili za hali ya pini kunahitaji anwani, amri, anwani kwa mara ya pili, kisha baiti mbili za jibu. Jumla ni baiti tano, mipigo 45, yaani takriban mikrosekunde 450 hata kabla hujahesabu muda ambao maikrokontrola yenyewe inautumia kufikiri. Katika muda huo keneli humlaza aliyeomba na kumpa mwingine nafasi ya kutumia prosesa. Hapo ndipo lilipo chimbuko la ujumbe wenu wa «scheduling while atomic».

Kiendeshi cha taa cha leds-gpio kabla ya kuanza kazi huuliza kama pini aliyopewa ni ya kulala au si ya kulala. Jibu lake hutoka kwenye sehemu ya can_sleep katika muundo wa gpio_chip, ambao huieleza keneli habari za kundi la pini. Mwenzako ameiacha bila kuijaza, kwa hiyo inasomeka kuwa ni sifuri, na leds-gpio ikaamini kwamba pini inaweza kuandikwa papo hapo, hata kutoka ndani ya kipima muda cha heartbeat, mahali ambapo kulala ni marufuku. Kipima muda kilipoita, I2C ikajaribu kulala, na keneli ikapiga kelele. Ukiandika `gc->can_sleep = true;` kabla ya kusajili chipu, leds-gpio itahamishia kazi hiyo kwenye foleni inayoruhusiwa kulala na ujumbe utatoweka. Gpioset haikuwahi kuonyesha tatizo hili kwa sababu huingia kwenye keneli kwa mlango wa mtumiaji, ambako kulala kunaruhusiwa siku zote. Ndiyo maana jaribio la mezani halikutosha.

Usiishie kwenye mstari huo mmoja. Mwandishi aliyesahau can_sleep aghalabu huwa amekosea na kufuli pia. Tafuta kila mahali palipotumika spinlock (kufuli ambalo aliyelishika haruhusiwi kulala) uone kama ndani yake kuna mawasiliano ya I2C. Ikiwa yapo, kufuli hilo libadilishwe liwe mutex, kufuli linaloruhusu kulala. Kisha mkompaili keneli ya majaribio yenye CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na CONFIG_PROVE_LOCKING, muiache bodi ifanye kazi kwa muda mrefu huku taa zikiwakawaka na programu mbili zikigombania pini. Chaguo hizo mbili hufichua makosa ambayo jicho la mhakiki, hata likiwa kali, huyapita.

Sasa tuje kwenye mwelekeo wa pini. Katika nakala uliyoambatanisha, fanksheni ya get_direction inaishia hivi:

`return mcu->outputs & BIT(offset);`

Mwandishi alikuwa na wazo la «je, ni ya kutoa? ndiyo au hapana». Keneli haikuuliza hivyo. Katika keneli, sifuri ni mwelekeo wa kutoa na moja ni mwelekeo wa kuingiza, na kwa miaka mingi jibu lolote lililo chanya lilihesabiwa kuwa ni la kuingiza. Kwa hiyo pini ya rilei namba 3 inajibu 8, yaani thamani ya biti namba 3, nayo inaandikwa kuwa ya kuingiza. Pini ya boya inajibu sifuri, nayo inaandikwa kuwa ya kutoa. Gpioset ilifanya kazi licha ya kosa hilo kwa kuwa huagiza mwelekeo upya kila inapoichukua pini. Mwombe mwenzako atumie majina yaliyowekwa kwa ajili hiyo, GPIO_LINE_DIRECTION_OUT na GPIO_LINE_DIRECTION_IN, ili msomaji mwingine asilazimike kukumbuka ipi ni sifuri na ipi ni moja.

Kuna mstari mwingine ambao hukuuliza, nao unanitia hofu kuliko hiyo miwili. Katika fanksheni ya kusoma, jibu la i2c_smbus_read_word_data limewekwa kwenye kigeu cha aina ya u16 (namba ya biti 16 isiyo na alama), kisha biti ya pini ikachukuliwa humo. Fanksheni hiyo ya I2C hurudisha namba yenye alama, na ikishindwa hurudisha namba hasi. Tuseme waya umelegea na jibu likawa -EIO, yaani hasi tano. Hasi tano ikibanwa ndani ya biti 16 inakuwa 65531, ambayo kwa biti ni moja kila mahali isipokuwa biti namba 2. Boya zote nane, isipokuwa hiyo moja kama nayo ni miongoni mwazo, zitasomeka kuwa zimepanda. Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Programu ya juu itaona matangi yamejaa na itazima pampu, na wachakataji watabaki wakingoja maji. Kigeu kiwe int, kikaguliwe kama ni hasi na kosa lirudishwe lilivyo, halafu ndipo ije `return !!(val & BIT(offset));`. Zile alama mbili za mshangao si pambo, kwa kuwa fanksheni ya get inatakiwa irudishe sifuri, moja au kosa, si nane wala mia na ishirini na nane. Angalia vilevile mpangilio wa baiti: fanksheni hiyo hutegemea baiti ndogo itangulie, na kama maikrokontrola yenu inatanguliza kubwa, ipo dada yake inayoishia na _swapped.

Suala la kuandika linafanana na hilo. Kwa muda mrefu fanksheni ya set katika gpio_chip haikurudisha chochote, na viendeshi vingi vilimeza makosa kwa sababu havikuwa na mahali pa kuyapeleka. Jambo hilo limerekebishwa mwaka 2025: kwanza ilipitishwa fanksheni ya muda iliyoitwa set_rv, na viendeshi vilipokwisha kuhamishwa jina la set likarudishwa, safari hii likiwa linarudisha int. Mwenzako ameandika kwa mtindo wa zamani, huenda kwa kuigiza kiendeshi cha zamani. Mwambie afuate keneli ya sasa, na kosa la I2C lirudishwe kwa aliyeomba. Programu inayoambiwa kwamba rilei haikuzimika inaweza kupiga king'ora. Programu isiyoambiwa itaendelea kuamini kuwa pampu imezimwa.

Katika fanksheni hiyohiyo ya set kuna kumbukumbu ya hali ya rilei zote, ambayo hubadilishwa biti moja kisha ikapelekwa nzima. Hapa yapo mambo mawili. La kwanza ni kufuli: mutex ishikwe kuanzia kubadili kumbukumbu hadi kumaliza kutuma, la sivyo programu mbili zitafutiana kazi. Nafuu zaidi ni amri inayobeba kinyago (kinachotaja biti za kuguswa) na thamani, ili maikrokontrola ibadilishe biti zilizotajwa tu na kuziacha nyingine. Kwa kuwa programu ya ndani ya maikrokontrola mnaiandika wenyewe, mna uwezo wa kuiongeza amri hiyo. Wengi wanaohakiki viendeshi hawana bahati hiyo. La pili ni kujiwasha upya. Pampu kubwa inapoanza kuvuta, umeme hushuka ghafla, na maikrokontrola isiyolindwa vizuri hujiwasha upya na kuziachia rilei zote huku kompyuta ikiendelea bila habari. Kumbukumbu ya kiendeshi itasema pampu inaendeshwa. Uliza: je, get kwa pini ya kutoa inasoma kumbukumbu, au inaiuliza maikrokontrola? Na je, upo mlango wa kujua kwamba maikrokontrola imeanza upya? Kama haupo, uandikwe kwenye itifaki kabla ya kiendeshi kupelekwa popote, kwa sababu itifaki ikishaingia mashambani ni vigumu kuibadilisha.

Mpangilio ndani ya direction_output nao uutazame: thamani itangulie, mwelekeo ufuate. Ukianza na mwelekeo, rilei inaweza kuruka kwa nukta ya muda, na kontakta ya pampu haipendi kurukarushwa.

Kuhusu intarapti, yaani ishara inayomkatiza prosesa ili ashughulikie tukio, bodi yenu ina waya mmoja ambao maikrokontrola huuvuta chini boya lolote linapobadilika. Kiendeshi kimeomba intarapti hiyo kwa fanksheni ya kawaida na kinasoma I2C humohumo, jambo ambalo litaleta ujumbe uleule wa mwanzo. Kitumie devm_request_threaded_irq pamoja na IRQF_ONESHOT, na ndani ya uzi (thread) wa intarapti kiite handle_nested_irq kwa kila pini iliyobadilika. Kufunga na kufungua intarapti ya pini moja moja kusitume I2C papo hapo. Mabadiliko yakusanywe na kupelekwa katika irq_bus_sync_unlock, ambayo imewekwa kwa ajili ya njia za polepole kama hii. Tangu mwaka 2022 keneli inataka pia muundo wa irq_chip uwe usiobadilika, wenye bendera ya IRQCHIP_IMMUTABLE.

Lakini swali zito la intarapti halimo kwenye msimbo wa keneli, limo kwenye waraka wenu. Mmeandika kwamba rejista ya mabadiliko hujifuta inaposomwa, na kwamba jibu lake hubeba pia hali ya boya. Fanksheni ya get inasoma rejista hiyohiyo. Maana yake, programu yoyote inayochungulia hali ya boya inaweza kulifuta badiliko kabla uzi wa intarapti haujaliona, na tukio likapotea bila alama. Tenganisheni amri ya kusoma hali na amri ya kusoma mabadiliko. Na waya wa ishara uwe wa kiwango, ubaki chini hadi mabadiliko yote yasomwe, badala ya kuvutwa mara moja na kuachiwa.

Mengine ni mepesi. Boya linalosomeka sifuri linapopanda lielezwe kwenye mti wa vifaa (device tree, maelezo ya vifaa vya bodi) kwa GPIO_ACTIVE_LOW, wala kiendeshi kisigeuze thamani chenyewe, kwa kuwa gpiolib, sehemu ya keneli inayosimamia pini, itageuza tena. Hati ya mti wa vifaa iandikwe kwa YAML na ipite ukaguzi wa dt_binding_check. Kama maikrokontrola hiyo itafanya kazi nyingine, kama vile kulinda kompyuta isigande, sehemu ya mawasiliano ihamie drivers/mfd na ya pini ibaki drivers/gpio. Kwa kielelezo, someni kiendeshi cha maikrokontrola ya ruta ya Turris Omnia ya CZ.NIC kutoka Ucheki, kilichoingia keneli ya 6.11 mwaka 2024 na kinachopatikana katika drivers/platform/cznic. Nacho kinasema na maikrokontrola kwa I2C, na amri yake ya udhibiti inabeba kinyago na thamani kama nilivyoeleza.

SWALI: Ndugu Mhariri, programu yetu ya kupima kina cha maji katika mabwawa ya chumvi hapa Bagamoyo inasoma pini kupitia /sys/class/gpio kwa namba 496. Baada ya kubadilisha keneli, namba hiyo haipo tena. Je, si heri kiendeshi kiandikwe namba ya mwanzo isiyobadilika? — *Msomaji wa Bagamoyo*

JIBU: Hapana, na mhakiki yeyote wa GPIO atakurudishia kiraka (badiliko la msimbo linalotumwa) chenye namba ya kudumu. Sehemu ya base katika gpio_chip ijazwe -1, maana yake keneli igawe namba yenyewe. Namba zenu zilihama kwa sababu hadi hapo nyuma keneli ilizigawa kutoka juu kushuka chini, na chipu yenye pini 16 chini ya kikomo cha 512 ilianzia 496. Tangu toleo la 6.2, lililotoka Februari 2023, ugawaji huanzia 512 na kupanda. Hakuna aliyewahi kuahidi kwamba namba hizo zitadumu.

Kinachodumu ni jina. Andikeni majina ya pini kwenye mti wa vifaa kwa gpio-line-names, kwa mfano «bwawa-1-juu», kisha programu izitafute pini kwa majina hayo kupitia /dev/gpiochip na maktaba ya libgpiod. Mlango huo umekuwepo tangu keneli ya 4.8 ya mwaka 2016, na toleo lake la pili liliingia katika 5.10 mwaka 2020. Ule wa /sys/class/gpio umehesabiwa kuwa wa kizamani tangu ulipokuja huu mpya. Una kasoro nyingine ambayo kwenu inaweza kuwa na uzito zaidi ya namba: programu ikifa ghafla, pini iliyofunguliwa hubaki imeshikwa hadi mtu aje aiachie kwa mkono.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwajiriwa mpya katika kampuni ya programu hapa Chumbageni. Nimepewa kuhakiki kiraka cha keneli kilichoandikwa na mtu ninayemwamkia na kumwita Mzee. Nimeona dosari nyingi, lakini sijui nimwandikie vipi bila kumvunjia heshima. Pia ameniomba niweke mstari wa Reviewed-by mapema ili kiraka kipite haraka. Nifanyeje? — *Msomaji wa Chumbageni, Tanga*

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiweke. Mstari wa Reviewed-by una maana iliyoandikwa katika hati za keneli, kwamba mwenye jina ameukagua msimbo kiufundi, amewasilisha hoja zake kwa mwandishi, ameridhika na majibu, na anaamini kiraka kinafaa kuingia. Si sawa na Signed-off-by, ambayo tangu mwaka 2004 ni tamko la mwandishi au mpitishaji kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Na kama mlikaa pamoja mkaandika sehemu yake, upo mstari wa Co-developed-by, unaofuatwa mara moja na Signed-off-by yako. Kama umesoma mpangilio tu na hukugusa mantiki, Acked-by haikuhusu pia, maana hiyo kwa kawaida hutoka kwa msimamizi wa eneo. Ukiwa umekijaribu kiraka kwenye bodi na kikafanya kazi, Tested-by ni yako kwa haki na hakuna atakayekuuliza zaidi.

Kuhusu heshima, tofautisheni chumba na barua. Ana kwa ana mwamkie, muulize hali, mweleze kwamba umepewa kazi ya kusoma msimbo wake na ungependa akufafanulie sehemu kadhaa. Watu wa rika lake wengi hufurahi kuulizwa, na katika kueleza mara nyingi huiona dosari kabla hujaitaja. Barua ya uhakiki, kwa upande mwingine, itasomwa na watu wasiomjua wala kukujua, nayo iwe fupi na iliyofungwa kwenye msimbo. Jibu chini ya mstari unaouhusu, kwa maandishi matupu yasiyo na mapambo, na ukate sehemu ambazo huzijibu. Usiseme «hujui kutumia mutex». Andika kwamba mstari fulani unashika spinlock, kwamba mstari wa chini yake unaita I2C, na kwamba kwa hiyo keneli italala mahali pasiporuhusiwa. Aliyeandika msimbo huo hatajwi, na hoja inabaki palepale.

Panga hoja kwa uzito. Ukianza na nafasi na majina ya vigeu, atarekebisha hayo ishirini, atatuma toleo la pili, halafu wewe ndipo useme muundo mzima ubadilike. Huko ndiko kumvunjia mtu heshima hasa, kwa kuwa umempotezea siku. Sema la muundo kwanza na uyaache madogo yangoje. Akituma toleo la pili, mkumbushe kwa upole aandike yaliyobadilika chini ya mstari wa vistari vitatu, ili maelezo hayo yasomwe na wahakiki lakini yasiingie kwenye historia ya git. Na endapo ulishatoa Reviewed-by kisha msimbo ukabadilika kwa kiasi kikubwa, mwombe auondoe mstari huo hadi uusome upya.

SWALI: Maikrokontrola yetu ya pini imeunganishwa kwa USB, si I2C. Je, mhakiki aangalie nini cha ziada? — *Msomaji wa Raskazone, Tanga*

JIBU: Mawili hasa. Kwanza, bafa inayopelekwa kwa usb_control_msg au usb_bulk_msg isitoke kwenye rundo (stack) la fanksheni, yaani isitangazwe kuwa kigeu cha ndani, kwa kuwa kumbukumbu hiyo haifai kwa DMA, yaani kifaa kuifikia kumbukumbu moja kwa moja bila prosesa. Itengwe kwa kmalloc, au itumike usb_control_msg_send, ambayo hunakili data yenyewe. Kosa hili hulikuti kwenye kila kompyuta. Kwenye nyingine msimbo hufanya kazi miezi, ukihamia bodi nyingine unaleta data iliyoharibika.

Pili, kebo inaweza kuchomolewa wakati programu imeshika pini. Chomoa mwenyewe huku gpiomon (programu ya kufuatilia mabadiliko ya pini) ikiendelea, mara kadhaa, ukitazama dmesg (ujumbe wa keneli). Fanksheni za kiendeshi zinatakiwa zirudishe -ENODEV (kifaa hakipo) na gpiomon ifunge kwa kosa linaloeleweka. Ukiona keneli inataja kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, tazama fanksheni ya disconnect, inayoitwa kebo ikichomolewa: aghalabu muundo wa kifaa umeachiwa kwa kfree wakati gpio_chip iliyosajiliwa kwa devm_gpiochip_add_data bado haijaondolewa, kwa sababu vitu vya devm keneli huviondoa yenyewe baada ya disconnect kumaliza.